Majani ya Karanga ya Julai, Nguvu ya Maksai wa Machi

Ukisafiri mashariki mwa Uganda, kutoka Malaba kupitia Tororo na Mbale hadi Kumi na Soroti mwishoni mwa mwezi wa saba, pembeni mwa mashamba utaona marundo ya majani ya karanga. Karanga zimeshang'olewa, kina mama na watoto wamekaa chini ya mwembe wanazichambua kwenye mashina, na kila shina likishachambuliwa linarushwa nyuma. Rundo linazidi kukua. Jioni moja linatiwa kiberiti, au linaachwa hapo hapo mvua za Agosti ziliozeshe. Pita tena njia hiyo mwezi wa pili. Mahindi yalishavunwa, mabua yamebaki yamesimama shambani, ng'ombe wamefunguliwa wajitafutie humo, na mbavu zao unaweza kuzihesabu ukiwa ndani ya teksi inayokimbia.

Kilichochomwa Julai ndicho kinachokosekana Februari. Nasema hivyo bila kuogopa kurudia, kwa sababu nimewaona maksai wengi wakilala mtaroni na nira shingoni mwezi wa tatu, huku mwenye shamba akilaumu jua, akilaumu kupe, akilaumu umri wa mnyama. Wengi wa maksai hao wangesimama kama lile rundo lingetunzwa.

Naishi upande wa Tororo, mahali ambapo Mteso, Mjopadhola, Msamia, Mnyole na mfanyabiashara aliyevuka kutoka Kenya wanaelewana sokoni kwa Kiswahili. Ng'ombe tunauziana kwa Kiswahili, na magonjwa yao tunaelezana kwa Kiswahili, lakini elimu ya kuwalisha imebaki kwenye vijitabu ambavyo wengi wetu havitufikii, na vikitufikia hatuvielewi. Ndiyo maana naandika kwa urefu kidogo.

Mpangilio wa mvua zetu unawaonea maksai. Mvua kubwa za kwanza zinaanza Machi, na hapo ndipo kila mtu anataka kulima kwa wakati mmoja, tena kwenye ardhi iliyokauka ikawa ngumu. Kabla ya Machi kuna Desemba, Januari na Februari za jua kali, nyasi zimekwisha au zimechomwa. Kwa hiyo kazi nzito kuliko zote za mwaka inamkuta mnyama akiwa dhaifu kuliko wakati wowote wa mwaka. Ukimpumzisha kila baada ya mistari michache, shamba linachelewa. Karanga zikipandwa kwa kuchelewa, ugonjwa wa rozeti unazishambulia zaidi. Udhaifu wa maksai wa Machi unakuja kuonekana tena kwenye gunia la karanga mwezi wa saba, ingawa watu wachache wanaunganisha mambo haya mawili.

Huku kwetu mashariki hili si jambo dogo. Teso, eneo la Kumi na Soroti, imelima kwa plau na ng'ombe tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa uvamizi wa wezi wa mifugo na kwa vita, mifugo ya eneo zima ilikwisha, familia zilizokuwa na mazizi makubwa zikarudi kwenye jembe la mkono. Kununua tena jozi moja ya maksai kulichukua miaka, na kwa wengine bado. Mtu aliyepitia hayo akikuonyesha maksai wake wawili anakuonyesha ada ya shule, chakula cha mwaka mzima na heshima yake nyumbani. Ndiyo sababu inaniuma kuona wanyama hao wakipewa mabua matupu miezi mitatu wakati chakula cha kuwaokoa kilikuwepo.

Hebu simama kando ya ng'ombe aliyekonda mwezi wa pili, umtazame ubavu wa kushoto. Mara nyingi tumbo limejaa. Mbavu ziko nje, mfupa wa nyonga umechongoka, manyoya yamesimama na hayang'ai, lakini tumbo limetuna. Kisha tazama kinyesi chake. Ni kikavu, kigumu, kimerundikana badala ya kutandazika, na ukikivunja kwa kijiti unakuta vipande virefu vya bua ambavyo havijasagika. Mnyama huyu amekula. Anachokosa ni protini, na upungufu huo hauonekani kwa mtu anayeangalia tu kama hori lina kitu au halina.

Bua la mahindi, jani kavu la mpunga, shina la mtama na la wimbi vimejengwa kwa nyuzinyuzi ngumu ambazo ng'ombe mwenyewe hana uwezo wa kuzivunja. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu, yaani bakteria, protozoa na kuvu wanaoishi ndani ya tumbo la kwanza, lile kubwa la upande wa kushoto. Wao ndio wanaozila nyuzi hizo na kumwachia ng'ombe nguvu inayotokana nazo. Baadaye vijidudu wenyewe wanasukumwa kwenda kwenye matumbo yanayofuata, wanameng'enywa, na wanakuwa nyama, maziwa na misuli. Anayelisha ng'ombe, kwa kweli, analisha vijidudu kwanza. Na vijidudu hawazaliani bila nitrojeni, ile iliyomo ndani ya protini.

Aliyewahi kukaa karibu na chungu cha malwa, pombe yetu ya wimbi, atanielewa upesi. Unga wa wimbi unaweza kuwa mwingi, maji yakawa ya kutosha, lakini bila kimea chungu kinalala tu. Tumbo la ng'ombe lililojazwa mabua matupu limelala vivyo hivyo.

Mabua ya mahindi na majani makavu ya mpunga huwa na protini ghafi asilimia 3 hadi 5. Chakula chote cha siku kikiwa chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu wanapungua na kazi yao inazorota. Bua linakawia kuvunjika, linakaa tumboni siku nyingi, nafasi haipatikani, na ng'ombe anaacha kula. Ndiyo maana unaweza kuwa na mlima wa mabua nyuma ya nyumba, maksai akaenda hapo, akachagua majani machache laini ya juu, akasimama akiangalia mbali. Watu husema amechoka au anaumwa. Tumbo lake limeziba, basi.

Sasa mpe hei, yaani majani yaliyokaushwa, ya mikunde, mimea ya jamii ya karanga na kunde, kidogo tu. Vijidudu wanapata nitrojeni, wanaongezeka, wanalishambulia bua. Bua linavunjika mapema, linasogea, nafasi inapatikana, na ng'ombe anarudi kwenye mabua yale yale aliyoyakataa jana. Hii ndiyo sehemu ambayo ningependa kila mfugaji aishike: hei ya karanga au ya kunde haiji kuchukua nafasi ya mabua, inakuja kuyafanya yalike. Ukiizidisha ikapita theluthi moja hivi ya chakula cha siku, ng'ombe ataanza kushiba hei na kuyaacha mabua, nawe utakuwa umemaliza kitu adimu ili kuhifadhi kitu kilichojaa kila mahali.

Tuhesabu kwa maksai wa kienyeji wa kilo 250 hadi 300, tuseme anakula kilo 6 za chakula kikavu kwa siku. Kilo 4 za mabua yenye protini asilimia 4 zinampa gramu 160. Kilo 2 za hei ya karanga iliyokaushwa vizuri, yenye asilimia 13, zinampa gramu 260. Jumla gramu 420 ndani ya kilo 6, ambayo ni asilimia 7 kamili. Kilo 2 tu. Kwa maksai wawili ni kilo 4 kwa siku, na kwa siku 90 za kiangazi ni kilo 360. Ekari moja ya karanga iliyostawi inaweza kutoa majani makavu kilo 500 na zaidi. Rundo la ekari moja linatosha jozi nzima ya maksai kiangazi chote, na kinabaki cha ng'ombe wa maziwa.

Mikunde ina faida nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni madini ya kalisi (kalsiamu), ambayo mabua hayana ya kutosha. Fosforasi bado itakuwa chache pande zote mbili, kwa hiyo jiwe la chumvi la kulamba, lile lenye fosforasi, lisikosekane.

Shida kubwa iko kwenye kukausha, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nimeona hei nyingi iliyofanywa kwa bidii ikaishia kuwa kuni.

Sehemu kubwa ya protini ya karanga iko kwenye majani. Shina lenyewe halipishani sana na bua la mahindi. Anayebaki na mashina bila majani amehifadhi kazi bure. Na jani la karanga likikauka linakatika kwa urahisi wa kutisha. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, shika shina lililokauka na ulinyanyue. Unasikia mlio mdogo wa kuvunjika, na unabaki na kijiti mkononi, na vumbi la kijani limeanguka miguuni. Vumbi lile ndilo ulilokuwa unalitafuta. Shina hilo hilo ukilishika saa moja asubuhi, umande ukiwa bado juu yake, linajikunja bila kupoteza jani hata moja. Kwa hiyo kugeuza, kukusanya na kubeba kufanyike asubuhi, au jioni hewa ikishapoa. Anayegeuza mchana anaipukutisha.

Kabla ya kuanika, kung'uta udongo wote, na ikiwezekana kata mizizi kwa panga. Udongo unaleta mchanga hori­ni na unaleta ukungu ghalani. Usianike kwenye ardhi tupu. Turubai linafaa, lakini kizuri zaidi ni kichanja cha miti kilichoinuliwa usawa wa kiuno, hewa ikapita chini na juu, na mbuzi wakabaki wanaangalia. Tandaza tabaka jembamba. Jua likiwa zuri, siku tatu hadi tano zinatosha, na siku za mwisho ni bora kivuli cha hewa kuliko jua kali, maana hei nzuri inabaki na rangi ya kijani na harufu inayomvuta mnyama kabla hujafika hori­ni.

Huku mashariki mwezi wa saba una jua, lakini mvua ya alasiri haiombi ruhusa. Hei ikinyeshewa mara moja inaoshwa virutubisho vinavyoyeyuka, ikinyeshewa tena inakuwa nyeusi. Nimewaona watu wakikimbia na nguo za kitanda kufunika majani ya karanga, na majirani wakishangaa. Hakuna cha kushangaza. Ni chakula cha miezi mitatu kile.

Kujua kama imekauka, chukua shina nene kuliko yote, ulikwaruze kwa ukucha. Ganda likitoka lina unyevu, rudisha kichanjani. Shina likikatika kwa mlio na ukucha usipate kitu cha kubandua, peleka ghalani.

Kufunga marobota kuna faida kuliko kurundika, na mashine haihitajiki. Fundi seremala anatengeneza sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, urefu chini kidogo ya mita moja. Unatandika kamba mbili ndani, unajaza hei, unamwita kijana aikanyage, unaongeza, anakanyaga tena, unafunga kamba, unalinyanyua sanduku. Faida yake kubwa kwangu ni kwamba robota linahesabika. Ukilipima moja kwenye mizani ya sokoni unajua lina kilo ngapi, na ukiyahesabu yote unajua kama Machi itakukuta na kitu. Rundo halihesabiki, na kisichohesabika kinaisha Januari.

Methali inasema akiba haiozi. Akiba ya majani inaoza, na karanga inaoza vibaya. Ukungu unaoota kwenye karanga unaweza kutengeneza aflatoksini, sumu ambayo ng'ombe wa maziwa akiila, sehemu yake inatokea kwenye maziwa anayokunywa mtoto. Hei iliyoota ukungu, au iliyochanganyika na karanga mbovu zilizobaki kwenye mashina, usimpe ng'ombe kwa kuihurumia kazi uliyofanya. Itupe shimoni iwe mbolea. Ghala liwe na paa lisilovuja, na chini weka magogo ili marobota yasiguse sakafu.

Mbegu nayo ina neno lake. Karanga iliyougua rozeti au madoa ya majani inafika siku ya kung'olewa ikiwa imeshapukutisha sehemu ya majani yake, na hapo hakuna ujuzi wa kukausha utakaokusaidia. Mbegu za Serenut zilizotoka kituo cha utafiti cha Serere zilichaguliwa kwa sehemu kubwa kwa kustahimili rozeti, na mkulima anazipenda kwa ajili ya mavuno. Mfugaji azipende mara mbili, kwa sababu mmea wenye afya unang'olewa ukiwa bado wa kijani.

Karanga nimeiweka mbele kwa kuwa ndiyo tunayoitupa kwa wingi. Kunde ni nzuri kama karanga au zaidi, hasa ukiwahi majani kabla hayajaanguka. Majani ya choroko yafaa. Maharagwe ya mteremko wa Elgon yanaacha mabua ya kawaida, bora kidogo kuliko ya mahindi. Soya inawadanganya wengi: majani yake yanapukutika kabla ya kuvuna, yanayobaki ni mashina makavu yenye mbao, na usitegemee yakusaidie kuliko bua la mahindi kwa sababu tu ni jamii ya mikunde. Fiwi, ukiipanda katikati ya mahindi yaliyokwisha kushika, inaendelea kuwa ya kijani baada ya mahindi kuvunwa kwa sababu mizizi yake inakwenda chini sana. Na hapa Tororo na Busia kuna wakulima waliopanda desmodiamu, nayo ni mikunde, kati ya mistari ya mahindi ili kupambana na gugu la striga, na nyasi kuzunguka shamba ili kuvuta nondo wanaotoboa mahindi. Wengi wanaikumbuka kazi ya desmodiamu dhidi ya striga na kuisahau kazi yake ya pili. Ikatwe inapoanza kutoa maua, ikaushwe, ihifadhiwe.

Miti pia. Utafiti uliofanywa Embu, Kenya, ulionyesha kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra, mti wa jamii ya mikunde, zinafanya kazi sawa na kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Mstari wa kaliandra kwenye mpaka wa shamba hauchukui nafasi ya mahindi. Wala wazo la kuchanganya mikunde na nyasi si geni Uganda. Serere ilikuwa ikipima malisho ya nyasi na mikunde kama stailo tangu miaka ya 1960, nyama ya ng'ombe ikiwekwa kwenye mizani. Maarifa tunayo. Yalikwama njiani kati ya kituo na kijiji.

Tahadhari moja: mikunde mibichi yenye umande, ikiliwa kwa wingi na ng'ombe mwenye njaa, inajaza gesi tumboni na inaweza kumuua kwa muda mfupi. Ikishakaushwa hatari hiyo inapungua sana.

Kuna jambo ambalo vijitabu havisemi, na kwa maoni yangu ndilo linalochoma marundo mengi kuliko uvivu. Karanga, katika nyumba nyingi za huku, ni za mama. Yeye ndiye anayechagua mbegu, anapalilia, anang'oa, anachambua, anauza, na fedha yake inakwenda kwenye sabuni, chumvi, daftari na matibabu. Maksai ni wa baba. Sasa unapomwambia mama aliyechoka, jua likiwa kali na bado hajapika, akung'ute mizizi, ajenge kichanja, ageuze majani alfajiri na kuyakimbilia mvua ikija, unamwomba afanye kazi mpya kwa ajili ya mali isiyo yake. Mama mmoja jirani, mtu mzima ninayemheshimu sana, aliniambia hivi: "Mwanangu, haya majani nayajua ni chakula. Lakini plau ikitoka inaanza shamba la baba, la kwangu linalimwa mwisho, mvua ikishapungua. Kwa nini niyabebe?"

Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu alikuwa na haki. Nilikwenda kwa mumewe, nikamsalimia kama anavyostahili, tukakaa. Nilimwambia, Mzee, hawa maksai wako wanakula jasho la Mama na Mama haoni matunda yake. Tulizungumza mpaka giza. Walichokubaliana wao wenyewe, mbele ya watoto wao wakubwa, ni kwamba majani ya karanga yana bei: shamba la Mama la karanga linalimwa siku ya kwanza ya msimu, na vijana ndio wanaojenga kichanja na kubeba. Naona huo ndio mkataba wa haki, na nimeona nyumba nyingine zikiufuata kwa namna zake. Kwingine mama anauza marobota kwa mumewe kwa shilingi kabisa, na mume analipa. Kwingine anachukua maziwa ya asubuhi. Mtaalamu wa mifugo anayekuja kijijini kufundisha hei na kuwaita wanaume peke yao chini ya mti anafundisha watu wasioshika majani hayo.

Upande wa mpunga hadithi ni ile ile kwa sura nyingine. Kule Doho, wilayani Butaleja, mashamba yanayonyweshwa na mto Manafwa yanaacha majani makavu mengi kila mavuno, na mengi yanachomwa ili shamba liwe tayari. Jani la mpunga lina silika nyingi, madini magumu kama ya mchanga, ni gumu, na peke yake ni chakula dhaifu. Lakini wanaolima mpunga mabondeni wana ndugu wanaolima karanga na kunde kwenye miinuko ya karibu. Boda boda mmoja anabeba marobota kutoka juu kwenda chini, na akirudi anabeba mpunga. Biashara hiyo sijui kwa nini haijashamiri.

Watu wananiuliza kuhusu yurea, ile mbolea ya dukani, na molasi. Yurea inafanya kazi: kilo 4 hadi 5 zinayeyushwa kwenye maji, zinanyunyizwa juu ya kilo 100 za mabua, yanafunikwa yasipate hewa kwa wiki tatu hivi, na yanalainika na kuongezeka nitrojeni. Ila ni ya kununua, na ng'ombe akifikia ndoo ya maji yale akanywa, anakufa. Mahali penye watoto na wanyama wanaozurura, mimi sipendekezi wakati mikunde inavuta nitrojeni hewani bure kwa bakteria walio kwenye vinundu vya mizizi yake. Molasi inayotoka viwanda vya sukari inaleta utamu na nguvu ya haraka, na inamfanya ng'ombe ale mabua zaidi kidogo, lakini protini yake ni ndogo mno kuziba pengo tunalozungumzia. Pipa la molasi juu ya mabua matupu ni fedha iliyokwenda nusu ya safari.

Mabua yenyewe yakatwe vipande vifupi kwa panga au kwa mashine ya kukatia majani, yachanganywe na hei kabla ya kutiwa hori­ni. Ukiviweka mbali mbali, maksai mwenye nguvu anaizoa hei yote na mwenzake anabaki na mashina. Maji yawe karibu na yawe mengi, kwani chakula kikavu kinataka maji. Na anza mapema. Hei inayofunguliwa mwanzoni mwa Januari inazuia mnyama asikonde, na hiyo ni rahisi mara nyingi kuliko kumrudishia mwili Machi, wiki moja kabla ya nira.

Swali gumu linalobaki ni la mwenye ng'ombe wengi na hei chache. Wengi wanagawa sawa kwa sawa, kwa sababu moyo unakataa kumnyima mnyama. Ukigawa marobota thelathini kwa ng'ombe kumi, kila mmoja atapata kidogo kisichofika ile asilimia 7, na hakuna hata mmoja atakayesaidika. Afadhali uchague. Maksai wa kulima wapewe kilo 2 zao kila siku bila kukosa. Anayefuata ni ng'ombe mwenye mimba kubwa au anayenyonyesha, na yeye, akiwa wa maziwa wa kisasa, atahitaji zaidi ya hapo pamoja na pumba. Kisha ndama walioachishwa, wapewe yale majani laini zaidi. Fahali wa ziada na ng'ombe wakubwa wasio na kazi watembee kutafuta mabua na nyasi za mabondeni, na yule ambaye hutaweza kumlisha mpaka mvua, mpeleke sokoni Novemba akiwa bado na nyama mwilini, kabla kila mtu hajaleta wake na madalali wakaanza kutaja bei wanayotaka wao.